Barua mbili za udaktari: mwanao aitikie ipi?

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii huwakumba wazazi wengi wa Kitengela, Isinya na Kajiado kila mwaka, pindi tu matokeo ya KCSE yanapotoka na vyuo vinapoanza kuita wanafunzi. Miongoni mwao wapo wachache waliojaliwa, ambao mtoto wao amepata si barua moja bali mbili za kwenda kusomea udaktari. Bahati hiyo, msomaji, huweza kugeuka ikawa kero. Baba anataka chuo chenye jina, mama anataka chuo kilicho karibu, mjomba anayetarajiwa kuchangia karo ana yake, na kijana mwenyewe ameinamisha kichwa hasemi neno.

Swali ambalo wazazi huniletea kliniki, aghalabu baada ya kupimwa presha, huwa ni lile lile: "Daktari, kati ya hivi viwili, chuo kizuri ni kipi?" Swali hilo halina jibu jinsi lilivyo. Mgonjwa akiniuliza dawa nzuri ni ipi, lazima nami nimuulize anaugua nini, ana umri gani, anameza dawa gani nyingine na mfuko wake unaruhusu nini. Chuo nacho ni vivyo hivyo. Hivyo basi, leo tutazame maswali ambayo familia yapasa kujiuliza kabla ya kuitikia barua moja na kuiweka kando ya pili.

ZAMANI HAPAKUWA NA KUCHAGUA

Ni vyema kukumbuka kwamba tatizo hili ni la juzi. Madaktari wa kwanza wa Afrika Mashariki walifunzwa Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya utabibu yalianza mwaka 1924 karibu na hospitali ya Mulago. Mkenya aliyetaka kuwa daktari alipanda gari la moshi akaenda Kampala, au akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo. Nairobi ilipata kitivo chake cha udaktari mwaka 1967, na kwa zaidi ya miaka 20 hicho ndicho kilichokuwa peke yake nchini. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari waliingia Eldoret mwaka 1990.

Leo mambo ni tofauti. Kuna Kenyatta, Egerton, Maseno, Jomo Kenyatta na vinginevyo vya umma; kuna Aga Khan, Mount Kenya, Methodist na Uzima kwa upande wa vyuo vya kibinafsi. Hata hivyo, KUCCPS, shirika linalogawa nafasi, humpa mwanafunzi nafasi moja tu. Barua ya pili basi hutoka kwingine: chuo cha kibinafsi ambako mzazi alituma maombi mwenyewe, au chuo cha nchi jirani. Na wapo ambao KUCCPS imewapeleka Eldoret nao wanafikiria kuomba uhamisho hadi Nairobi ili wawe karibu na nyumbani. Hizo ndizo sura tatu za tatizo hili hapa kwetu.

KWANZA: JE, KINATAMBULIWA?

Hili ni swali la kwanza na likikosa jibu zuri hakuna haja ya kuendelea na mengine. Nchini Kenya, anayeruhusu mtu kuitwa daktari si chuo. Ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo hadi mwaka 2019 lilijulikana kama Bodi. Chuo kikuu kinaweza kuwa na kibali halali cha kufundisha sheria, biashara na ualimu, na bado kisiwe kimekubaliwa kufundisha udaktari. Baraza hukagua maabara, walimu na hospitali ya kufundishia, kisha huamua iwapo chuo kipewe idhini na kichukue wanafunzi wangapi kwa mwaka.

Mzazi asitosheke na maneno ya afisa wa usajili wa chuo, wala na picha za vijana waliovaa makoti meupe. Na aulize Baraza lenyewe maswali mawili: Je, chuo hiki kimeidhinishwa kufundisha shahada ya udaktari na upasuaji? Na je, kinaruhusiwa kuchukua wanafunzi wangapi? La pili lina uzito kama la kwanza. Chuo kilichopewa ruhusa ya wanafunzi 50 kikaita 120 kimekwisha kukueleza jinsi kinavyomthamini mwanao.

Ukaguzi wa namna hii si usumbufu wa serikali. Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani ilijaa vyuo vya udaktari vya biashara, vingine bila maabara wala hospitali. Mwalimu mmoja, Abraham Flexner, alizuru vyuo 155 vya Marekani na Kanada, na mwaka 1910 akatoa ripoti iliyoeleza alichokiona bila kuficha. Vyuo vingi vilifungwa au vikaungana na vingine. Flexner mwenyewe hakuwa daktari. Aliuliza tu mambo ambayo mzazi yeyote angeuliza: wanafunzi wanaingia na masomo gani, maabara iko wapi, nani anafundisha, na wagonjwa wako wapi. Maswali hayo hayajachakaa hata leo.

NAIROBI NA ELDORET

Tuseme vyuo vyote viwili vinatambuliwa. Sasa tutazame jinsi vinavyofundisha, kwa kuwa hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Mfano mwema ni Nairobi na Eldoret.

Nairobi imefuata njia ya zamani iliyorithiwa kutoka Uingereza. Miaka ya mwanzo mwanafunzi yuko Chiromo akisoma anatomia, fiziolojia na baiokemia: mihadhara, maabara, na meza za kupasulia maiti. Baadaye anahamia wadi za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ambayo ilianza mwaka 1901 na ambayo hupokea wagonjwa walioshindikana kutoka pembe zote za nchi. Mwanafunzi wa Kenyatta huona maradhi ambayo daktari wa wilayani anaweza kukaa miaka kumi asiyaone. Na huwaona mabingwa wenyewe wakiyatibu.

Eldoret ilianza kwa kufuata njia nyingine. Mtindo wa kujifunza kwa kutatua matatizo ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 1969, ukaenea Maastricht nchini Uholanzi na kwingineko. Badala ya mhadhiri kusimama mbele ya watu mia, wanafunzi wachache huketi na mwalimu mmoja na kupewa kisa: mama wa miaka 30 ana homa, mgongo unamuuma, na haja ndogo inamchoma. Ni nini? Tunahitaji kujua nini kuhusu figo ili tuelewe? Kila mmoja hutoka na sehemu yake ya kutafuta, kisha hurudi kuwaeleza wenzake. Juu ya hayo, Moi iliweka mpango wa kuwapeleka wanafunzi mashinani, katika vituo vya afya vya vijijini, ili waone maji watu wanayokunywa na umbali wanaotembea kabla ya kufika wadini. Hospitali yao ya Mafunzo na Rufaa ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, na leo huhudumia eneo zima la magharibi mwa Bonde la Ufa na kuvuka. Ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980, ndio uliozaa mpango mkubwa wa AMPATH wa kutibu virusi vya ukimwi mwaka 2001.

Ipi ni bora? Nimefanya kazi na madaktari wa pande zote mbili, na baada ya miaka mitano kazini huwezi kuwatenganisha. Bali mwanzoni tofauti huonekana. Aliyezoea mihadhara huwa na anatomia kichwani kama ramani. Aliyezoea vikundi huwa mwepesi wa kuuliza, kutafuta na kusema mbele ya watu. Kwa hiyo mtazame mwanao. Je, ni yule anayefungua kitabu mwenyewe hata kabla ya kuambiwa, na anayependa kubishana? Mtindo wa vikundi utamnoa. Je, ni mtoto anayehitaji ratiba, mwalimu wa kumwongoza na mtihani wa kumsukuma? Akiachiwa uhuru mwingi mapema, anaweza kupotea mwaka mzima bila mtu kugundua. Mtoto mpole asiyependa kusema naye asihukumiwe haraka. Wengi wa aina hiyo hufunguka katika kikundi kidogo, ambapo katika ukumbi wa watu mia wangemaliza miaka sita bila kuuliza swali hata moja.

HESABU VITANDA, USIHESABU MAJENGO

Udaktari hujifunzwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Jengo la vioo, maktaba yenye kompyuta na basi jipya la chuo ni mambo mazuri, lakini hayamfundishi mtu kusikiliza moyo ulioharibika. Ukikizuru chuo, waombe wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano wakueleze mambo haya bila mhadhiri kuwapo:

Je, mnapozunguka wadi, mko wangapi kwenye kitanda kimoja? Wakiwa watano au sita, watajifunza. Wakiwa ishirini na watano, aliye nyuma husikia minong'ono tu, na mgonjwa naye huchoka kuguswa.

Nani huwafundisha wadini? Je, ni bingwa anayekuja kila wiki kama ratiba isemavyo, au ni jina lililo ukutani tu?

Kufikia mwaka wa tano umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako, ukiwa na mkunga kando yako? Umeshona vidonda vingapi?

Hospitali ya kufundishia ni ya nani? Baadhi ya vyuo havina hospitali yao, hutumia hospitali ya kaunti kwa mkataba. Hilo si kosa. Hospitali ya kaunti yenye wagonjwa wengi na wanafunzi wachache yaweza kumfundisha mtu kuliko hospitali kubwa iliyofurika makoti meupe. Lakini uliza kama mkataba huo umetiwa saini na utadumu hadi lini. Uliza pia kama chuo kingine nacho hutumia wadi hizo hizo.

Mwanafunzi wa chuo kidogo cha kibinafsi anaweza kukuambia kwamba wao ni wanne tu kitandani, na mwalimu anawajua kwa majina. Mwanafunzi wa chuo kikubwa cha umma akakuambia wamesongamana lakini hakuna ugonjwa wasioupata. Yote mawili ni ukweli, nawe utapima.

KUVUKA MPAKA WA NAMANGA

Kwa mkazi wa Kajiado, nchi ya nje si mbali. Anayeishi Kitengela akielekea kusini kupitia Kajiado, Namanga na Arusha atafika Moshi, kwenye hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro na ambayo ina chuo chake cha udaktari, baada ya kilomita 300 na kidogo. Akielekea Eldoret kupitia Nairobi na Nakuru, safari ni ya zaidi ya kilomita 300 vilevile. Ndiyo maana barua ya Moshi au ya Kampala huwavutia wengi, na si jambo la kushangaza.

Faida moja ni lugha. Mwanafunzi aliye Moshi humhoji mgonjwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, na Kiswahili cha huko humnyoosha ulimi. Faida nyingine ni kwamba maradhi ni yale yale ya kwetu: malaria, kifua kikuu, nimonia ya watoto, ajali za pikipiki. Katika vyuo vingi vya Tanzania na Uganda shahada huchukua miaka mitano, ilhali hapa kwetu ni sita.

Lakini usifurahie mwaka huo mmoja kabla ya kupiga hesabu. Mfumo wa elimu wa majirani zetu hupitia kidato cha sita, hivyo mwenye KCSE anaweza kutakiwa kusoma masomo ya kuziba pengo kabla ya kuingia. Mwaka uliodhani umeokoa ukawa umekwisha. Pili, akirudi Kenya lazima Baraza limtambue kabla ya kuruhusiwa kuanza uanagenzi, na waliosomea nje huweza kutahiniwa. Mitihani hiyo imewaangusha wengi. Kabla ya kulipa hata shilingi, liandikie Baraza, litaje chuo hicho kwa jina, uulize mwenye shahada yake hupitia hatua gani, na uihifadhi barua ya majibu.

Kwa wanaowazia nchi za mbali zaidi kama vile China, Urusi na kwingineko, kuna swali moja la kuongeza: wagonjwa wa wadini huzungumza lugha gani? Mihadhara inaweza kuwa ya Kiingereza, lakini bibi mzee aliyelala kitandani hasemi Kiingereza. Mwanafunzi asiyeelewa malalamiko ya mgonjwa hutazama tu. Halafu kuna yasiyotarajiwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwazuia wanafunzi wengi kurudi China, na mwaka 2022 vita viliwatoa wanafunzi wa Kiafrika nchini Ukraine masomo yakiwa katikati. Kuhamisha masomo ya udaktari kutoka chuo kimoja hadi kingine ni kazi ngumu; wengi hurudishwa nyuma miaka miwili au mitatu.

PESA NA SHAMBA

Hapa ndipo familia za Kajiado huumia. Udaktari ni miongoni mwa kozi ghali kuliko zote. Katika vyuo vya umma gharama yake imekadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni ya shilingi kwa mwaka. Mwaka 2023 serikali ilianzisha utaratibu wa kugawanya gharama hiyo kati ya msaada wa masomo, mkopo na mchango wa familia, kulingana na uwezo wa kila nyumba. Utaratibu huo umelalamikiwa na kupingwa mahakamani, hivyo usiamini uliyoambiwa na jirani aliyempeleka mtoto mwaka juzi. Uliza jinsi mambo yalivyo mwaka huu. La msingi ni kwamba mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma ana mlango wa kubisha kwa msaada, ilhali yule wa chuo cha kibinafsi au wa nje hubeba mzigo mwingi mwenyewe.

Piga hesabu ya miaka yote, usipige ya muhula wa kwanza. Tuseme chuo cha pili kinazidi cha kwanza kwa shilingi 250,000 kwa mwaka. Kwa miaka sita hiyo ni milioni moja na nusu. Ongeza kodi ya nyumba, chakula, vitabu, nauli, na kupanda kwa karo. Halafu jiulize: fedha hizo zinatoka wapi, na nani mwingine nyumbani anazitegemea?

Ninajua zinakotoka. Tangu mashamba ya ushirika ya Kitengela yalipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, ploti imekuwa ndiyo benki ya wengi. Karo ikija, kipande kinauzwa. Karo ikirudi, kingine. Si vibaya kuuza kipande ili mtoto asome. Lakini nimewaona wazee wakiuza kilichobaki chote mtoto akiwa mwaka wa tatu, ndugu zake wanne wakiwa bado shuleni, na baba mwenyewe akiacha kununua dawa za kisukari ili karo ifike. Mgonjwa wa namna hiyo huletwa kliniki na mguu ukiwa umeoza. Chuo kinachomgharimu baba mguu si chuo kizuri, hata kama jina lake linavuma.

Tena usidhani kwamba siku ya mahafali ndipo fedha huanza kuingia. Kuna mwaka mmoja wa uanagenzi unaopangwa na Wizara ya Afya, na miaka ya karibuni wahitimu wengi wamekaa nyumbani kwa miezi mingi wakisubiri kupangiwa hospitali. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56 kuanzia Machi hadi Mei, ulihusu kwa sehemu kubwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 ulitaja shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Familia inayoweka matumaini kwamba mtoto ataanza kulipa madeni mwezi wa kwanza baada ya kuhitimu inajitafutia masikitiko. Bakisha akiba ya mwaka mmoja zaidi.

AFYA YA MWANAFUNZI MWENYEWE

Katika mabishano ya jina na karo, huyu anayekwenda kusoma husahaulika. Udaktari huchukua vijana hodari wa shule na kuwaweka pamoja. Aliyekuwa wa kwanza kijijini anajikuta wa themanini. Wengi hustahimili. Wengine hukosa usingizi, huacha kula, hulia bila sababu, au huanza pombe. Kabla ya kuchagua, uliza kama chuo kina mshauri wa wanafunzi ambaye kweli huonekana, na kama aliyeanguka mtihani hupewa nafasi ya pili kwa utaratibu unaoeleweka. Uliza pia kama kuna ndugu au rafiki wa familia aliye karibu, ambaye mtoto anaweza kula kwake Jumapili moja moja.

Ukaribu na nyumbani nao una pande mbili. Mwanafunzi wa Nairobi anayelala Kitengela ili kuokoa kodi ataamka saa kumi usiku kukwepa msongamano wa Mlolongo na Barabara ya Mombasa, arudi saa mbili usiku akiwa hoi. Miaka miwili ya Chiromo anaweza kuivumilia. Miaka ya wadini, yenye zamu za usiku, hawezi. Kama umechagua Nairobi kwa sababu ni karibu, tenga fedha za chumba kilicho karibu na hospitali, la sivyo ukaribu huo hauna maana.

Kisha kuna hatari za kazi yenyewe. Mwanafunzi yeyote wa udaktari anapaswa kuwa amepata chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kugusa mgonjwa: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya kwanza. Hata aliyechanjwa utotoni na apime kama kinga ingalipo. Uliza chuo kinafanya nini mwanafunzi akichomwa na sindano iliyotumika. Jibu sahihi ni kwamba kuna mtu wa kumwendea mchana na usiku, na dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa mara moja, bila kupita saa 72, na kumezwa kwa siku 28. Chuo kinachobabaika kwa swali hilo hakijajiandaa kumlinda mwanao.

KAJIADO INAHITAJI DAKTARI GANI?

Hata wewe msomaji usiye na mtoto wa kupeleka chuoni, jambo hili lakuhusu. Kaunti yetu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya mwaka 2019. Huku Kitengela, Ngong na Rongai tunatibu presha, kisukari na majeraha ya ajali. Ukishuka kuelekea Mashuuru, Magadi na mpaka wa Tanzania utakuta meno yaliyogeuka rangi ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyozidi kwenye maji ya visima, trakoma inayopofusha macho ya akina mama, na homa ya bruselosi inayotokana na mifugo na maziwa mabichi. Hayo si magonjwa ya wadi moja tu. Yanahitaji daktari aliyewahi kukaa manyattani akaona maji na mifugo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu uhaba wa wahudumu wa afya vijijini, lilipendekeza mambo matatu yanayoingia moja kwa moja katika mazungumzo haya: wachukuliwe wanafunzi waliokulia vijijini, vyuo viwekwe nje ya miji mikuu, na wanafunzi wapelekwe mashinani wakiwa bado masomoni. Wenye historia hiyo ndio wanaoelekea zaidi kurudi kufanya kazi huko. Kwa hiyo binti wa Kimaasai wa Loitokitok anayebabaika kati ya chuo cha jijini na chuo chenye mafunzo ya vijijini hajichagulii peke yake. Hatumlazimishi arudi. Twasema tu kwamba chuo kisichojulikana sana mjini si chuo duni.

Na kama barua ya pili ni ya KMTC, ya kusomea utabibu kwa diploma, usiikunjie uso. Matabibu ndio wanaoshikilia vituo vingi vya afya vya kaunti hii. Mafunzo ni ya miaka mitatu pamoja na uanagenzi, gharama ni ndogo, na KMTC ina tawi hapa hapa Loitokitok. Kwa nyumba isiyo na uwezo wa miaka sita, hiyo ni njia ya heshima, na mlango wa shahada haufungwi.

JINSI YA KUAMUA

Vyuo hutoa siku chache tu za kujibu. Zitumie hivi:

1. Thibitisha na Baraza kwamba kila chuo kimeidhinishwa kufundisha udaktari. Kisichoidhinishwa, kitupilie mbali siku hiyo hiyo.

2. Zuru vyote viwili, au angalau hospitali zao, na mtoto awepo. Zungumza na wanafunzi wa miaka ya juu.

3. Andika gharama ya miaka yote pamoja na mwaka wa kusubiri uanagenzi. Andika pia kisichouzwa kwa vyovyote: nyumba mnayolala, dawa za wazee, karo ya wadogo.

4. Muulize mtoto peke yake, bila wajomba, mambo mawili: wapi angependa kwenda, na je, udaktari ni wake au ni wako?

5. Mkishaamua, ijulisheni barua ya pili mapema. Kuna mtoto mwingine anayeisubiri nafasi hiyo.

Nikibanwa niseme mizani yangu, nitasema hivi. Vyuo vyote viwili vikiwa vimeidhinishwa, chagua kile ambacho mwanafunzi atapata wagonjwa wa kutosha na walimu wa kumsimamia, na ambacho familia inaweza kulipia hadi mwisho bila mtu kuacha dawa zake. Vikilingana kwa hayo, mwachie mtoto achague, kwa kuwa ndiye atakayeamshwa saa tisa usiku. Jina la chuo liwe la mwisho katika orodha. Mgonjwa anayetokwa na damu katika chumba cha dharura cha Kajiado hamuulizi daktari alisomea wapi. Humtazama mikono.